Kilicho Hai Huhisi

Mvua ya juzi ilivunja mfereji wa jirani na kuleta tope jeusi mpaka kwenye baraza yangu hapa Kitale. Nilitoka na fagio nikiwa tayari kumtukana huyo jirani, maana hasira zangu ziko karibu na sijawahi kuzificha, lakini harufu ya lile tope ikanipanda puani nikabaki nimesimama. Ni harufu ya majani yaliyooza mtoni, ya vyura, na kitu kingine kama chuma. Aliyekulia upande wa Bungoma anaijua. Ndilo tope wanalopakwa wavulana alfajiri ya siku ya kutahiriwa. Niliegemeza fagio ukutani, nikaketi kwenye ngazi nikiwa bado na nguo za kulalia, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Jirani alinichungulia akarudi ndani. Pengine alidhani nalilia baraza.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi Saboti. Baba alikuwa mtu wa mkoa wa Kati; wazazi wake walihamia Saboti na kununua shamba kabla hajazaliwa. Mama ni Mbukusu wa Bungoma. Walikutana sokoni Kitale, mmoja akiuza viazi na mwingine ndizi, wakaoana, na kwetu nyumbani hilo halikuwa jambo la kushangaza kuliko viazi kuliwa na ndizi. Kaka yangu Mwangi alikuwa mkubwa, mimi nikamfuata, basi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuamini maneno ya mwalimu kuliko ya mtu mwingine yeyote duniani, mchungaji wetu akiwemo.

Mwalimu wetu wa sayansi tulimwita Madam. Alikuwa mwembamba, na fimbo yake ilikuwa nyembamba zaidi. Siku ya somo la viumbe hai aliingia darasani na jiwe, jongoo, na pini ya nywele. Aliandika ubaoni kwa Kizungu, na alipoona tunamtazama kama mbuzi, akaanza upya kwa Kiswahili: kilicho hai hula, hupumua, husonga, hukua, huzaa, hutoa uchafu, huhisi. Tuliimba maneno hayo naye akipiga dawati kwa fimbo, na aliyepitwa na mdundo alipigwa yeye badala ya dawati. La mwisho ndilo alilolipenda. Alichoma jiwe kwa pini, jiwe likanyamaza. Alichoma jongoo, akajikunja. Kisha akaja kwangu, akanishika mkono kwa upole kama anayetaka kuniombea, akanidunga. Niliruka nikamwita ng'ombe.

Darasa zima liliangua kicheko, na mimi nikachapwa mashavu ya miguu mpaka nikacheza.

"Umehisi?" Madam aliuliza.

"Nimehisi, Madam."

"Basi uko hai. Jiwe imehisi?"

"Haijahisi, Madam."

"Kwa hivyo?"

"Haina uhai."

Nilipaswa kunyamaza hapo, lakini mdomo wangu haujawahi kujua mahali pa kuishia. Nikamuuliza, je, mtu akilala? Madam akasema, "Akilala, mdunge. Asipohisi, amekufa." Sasa najua alikuwa anatania. Yeye mwenyewe alicheka. Mimi niliondoka na neno hilo kama nimepewa ufunguo wa nyumba.

Wiki hiyo nilifinya kila kitu. Nilifinya kuku, mbwa, ndama, mtoto wa jirani. Jumapili baada ya kanisa Baba alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi, na nikamfinya sikio kwa kucha zangu mbili. Aliamka akinguruma, akanifukuza kuizunguka stoo ya mahindi mara nyingi mpaka sote tukaanguka kwenye maganda. "Wewe msichana, ni nini unatafuta kwa masikio yangu?" alisema akihema. Nilimwambia nilitaka kujua kama yuko hai. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nikitaka kujua siku nyingine nimuulize tu.

Sitasema ni nani waliokuja. Waliokuja wana watoto, na watoto wao wanasoma na wangu. Nitasema tu kwamba mahindi yalikuwa yamekatwa na mabua yamesimamishwa shambani mafungu mafungu, na kwamba ilikuwa mchana, jua kali, siku ambayo haikufanana kabisa na siku ya kufa mtu. Kwanza tulisikia filimbi upande wa juu. Halafu moshi. Nyumba za juu ziliwaka moja baada ya nyingine, na ng'ombe walilia kwa sauti ambayo sikujua ng'ombe wanayo. Mama alinivuta mkono tukimbilie kanisani. Baba alisema tutangulie, anamfungulia ng'ombe kamba asiungue zizini. Mwangi alirudi kumsaidia. Mimi nilijichomoa mkononi mwa Mama nikamfuata Mwangi, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nikimfuata Mwangi.

Hatukufika zizini. Mwangi alinikamata, akanisukuma ndani ya fungu la mabua, akanilalia juu. Tuliona kupitia kwenye mabua. Mshale ulimpata Baba mgongoni akiwa bado ameshika kamba, akageuka kama mtu aliyeitwa jina. Vijana wakamfikia na mapanga. Sauti ya panga kwenye mwili wa mtu haina tofauti na sauti ya kukata mgomba, na hilo ndilo ambalo sijawahi kumsamehe mtu yeyote. Mmoja wao alikuwa amevaa sweta ya shule. Walikata mpaka wakachoka, wakachukua ng'ombe, wakawasha stoo, wakaondoka wakiimba.

Tulipotoka, Mwangi alimtikisa Baba bega akimwita. Mimi nilifanya nilivyofundishwa. Niliweka mkono puani pake. Niliangalia kama kifua kinasonga. Nzi alikuwa anatembea kwenye jicho lake lililo wazi, na jicho halikupepesa. Nikamfinya sikio, palepale nilipomfinya Jumapili, kwa kucha, kwa nguvu zangu zote.

"Hahisi," nilimwambia Mwangi. "Madam alisema asipohisi amekufa."

Mwangi alinipiga ngumi ya mdomo. Jino langu la mbele lilitoka pamoja na damu, nikalishika kiganjani nikilitazama. Halafu akanibeba mgongoni akakimbia nami mpaka kanisani. Hakulia njiani, hakulia Mama alipojitupa chini, wala hakulia kwenye lori lililotupeleka Bungoma tukiwa tumebanwa na magodoro ya watu. Mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili, nikitema damu kwenye sketi ya Mama.

Bungoma tulifikia kwa wazazi wa Mama. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alitupokea kwa machozi na uji. Babu alitupa chumba cha nyuma alichokuwa akiweka majembe. Lakini kaka yake Mama, Mjomba Barasa, ndiye aliyekuwa na nguvu katika boma lile, na tangu siku ya kwanza alitutazama kama kuku wa jirani waliovuka ua. Alitupiga kwa sababu yoyote. Mimi nilipigwa kwa sababu ya mdomo wangu, na hapo sitamlaumu sana. Mwangi alipigwa kwa kunyamaza. Mjomba alimzaba makofi, na Mwangi akasimama akimtazama bila kuinua mkono, bila kurudi nyuma, na kofi lililofuata likawa kubwa zaidi.

"Huyu mtoto ni mti?" Mjomba alimuuliza Mama. "Peleka watoto kwa watu wa baba yao. Hapa hakuna shamba ya watu wa Kati bana."

"Watu wa baba yao wako wapi, Barasa?" Mama alisema. "Si wamechomwa wote?"

Usiku huohuo tulimsikia Mama akilia, na asubuhi Mwangi akaenda kwa Babu. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga, nikasikia kila neno. Alisema anataka kutahiriwa hapo, mwezi wa nane, kwa desturi ya hapo, mbele ya watu wote. Babu alimtazama sana. Alimwambia kwamba yeye ni mtoto wa binti, na mtoto wa binti hukatwa kwa baba yake. Mwangi akasema baba yake hayupo. Babu akasema atasimama yeye mahali pa baba.

"Lakini unisikie, mjukuu wangu. Ukisimama vizuri, nitakupimia mahali pa kujenga, kutoka kwa migomba mpaka mtoni, wewe na mama yako na huyu mwenye mdomo. Hakuna mtu atawafukuza tena. Ukiyumba, hata ukipepesa jicho tu, mimi sina maneno ya kuambia Barasa."

Mjomba alipoambiwa alicheka. "Ataria huyo," alisema, kwa ile r yao ya nyumbani. "Kwao wanakatwa hosipitali wamedungwa ganzi. Ataria, watu wote waone, halafu wabebe magodoro yao."

Basi mambo yetu yote yakawa hapo: Mwangi akisimama, tuna kwetu, Mwangi akitikisika, tuko barabarani. Kukhu alimpa jina la Wekesa, apate la kuitiwa kwenye nyimbo, na Mwangi akazunguka kwa jamaa akigonga kengele za mkononi kuwaalika, akicheza jua kutwa mpaka nyayo zikapasuka. Mimi nilimfuata nyuma nikimbebea maji. Nilijivunia, lakini niliogopa pia, kwa sababu nilikuwa naona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Mwangi hakuwa akila sawasawa. Hasemi. Hacheki. Akijigonga haugui. Nilikuwa nahesabu zile ishara za Madam moja moja, na nilikuwa nikiona zinaondoka kwake.

Siku ya mwisho kabla ya kisu, desturi ni mjomba kuchinja ng'ombe na kumvika mwana wa dada yake ukanda wa nyama mbichi shingoni, na kumpa maneno makali na kofi ili ajue kesho si mchezo. Mjomba Barasa hakuchelewa. Dume liliangushwa, likapigwa mkuki, likakoroma likitupa miguu huku watu wakilikalia shingo. Nyama ilikatwa kifuani ikiwa bado inatetemeka, ikavutwa kichwani mwa Mwangi mpaka mabegani, na damu ikamchuruzika kifuani na tumboni. Kisha Mjomba akampiga kofi. Desturi ilikuwa imetosha hapo. Akampiga la pili. Damu ya pua ikachanganyika na ya ng'ombe.

"Mwoga wewe. Mtoto wa mtu aliyekufa ameshika kamba ya ng'ombe. Kesho ukiria nitakukata mimi na panga."

Mama alifunika uso kwa leso. Wazee wakaguna, lakini hakuna aliyemshika Mjomba mkono. Mwangi alisimama na ile nyama shingoni akitazama mbele. Nzi mmoja alitua kwenye kope yake. Hakupepesa. Nikakimbilia nyuma ya jiko kutapika.

Alfajiri walimpeleka mtoni. Wanaume walimpaka tope lile jeusi tangu utosini mpaka miguuni, wakamsimikia fungu la nyasi kichwani, na akarudi akiongozwa na kundi zima likiimba, ardhi ikidunda. Sikumtambua. Hakuwa na uso. Alikuwa kitu cha udongo kinachotembea, na kilipofika mahali pake uani kikaacha hata kutembea. Mama alikuwa ndani ya nyumba amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka: mama wa kijana hainuki mpaka iishe. Babu alisimama pembeni na fimbo yake. Mimi nilikuwa nimepenya katikati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa.

Ngariba alitokea nyuma ya nyumba bila kutangazwa, kisu tayari mkononi. Nyimbo zikakatika. Nilimtazama Mwangi usoni, sikutazama kisu. Macho yake yalikuwa juu ya paa, wazi, na hayakuwa yakitazama chochote. Ngariba akainama. Niliona bega la ngariba likisogea, nikaona damu ikishuka kwenye tope la mguu wa Mwangi, nyekundu juu ya nyeusi, ikafika kwenye kidole. Na uso ule haukusema kitu. Si kope, si mdomo, si pua. Kifua nacho sikukiona kikipanda.

Watu wote uani walikuwa wanaona kijana shujaa. Mimi nilikuwa namwona Baba.

Sikufikiri. Nilichomoka nikakimbia mpaka kwake, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni na mgumu hivyohivyo. Nikamfinya. Nikamfinya tena, nikazamisha kucha mpaka zikapita tope, zikapita ngozi, damu yake ikanijaa vidoleni. Hakuna kitu. Hapo nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Lwakhakha, kule mpakani.

"Amekufa! Mmemuua na yeye pia!"

Mjomba Barasa alinirukia, akanikamata shingoni. Niligeuka nikauma mkono wake, nikauma kama mbwa, nikasikia ladha ya chumvi na sikuachia. Alinipiga kichwani kwa mkono mwingine, akanipiga mbavuni, nikaachia pamoja na kipande cha ngozi yake, akanitupa chini nikaangukia uso. Nilimsikia ngariba akisema kwa hasira watoe huyo mtoto, kazi haijaisha. Nilipoinua kichwa niliona hakuna anayeniangalia mimi. Wanamwangalia Mwangi. Dada yake amelala mavumbini akivuja damu hatua moja kutoka kwake, akimlilia kama maiti, na wote wanangoja ageuze shingo. Angegeuza kidogo tu, ingetosha. Mjomba alikuwa ameinama mbele, mkono ukimtiririka, akisubiri hilo.

Mwangi hakugeuza shingo.

Filimbi ya kutangaza kwamba imekwisha ikalia. Wanawake wakapasuka kwa vigelegele, wanaume wakarusha fimbo juu, Mwangi akakalishwa kwenye kigoda na kufunikwa blanketi. Mimi nilikuwa bado chini. Nilimwona akimeza mate, koo likapanda na kushuka, na ndipo nilipojua kwamba yu hai. Nilifurahi hata nikasahau mbavu zangu. Kukhu ndiye aliyeniokota. Aliniambia sikioni kwamba Mama alisikia yowe langu kule ndani, alisikia kila neno, na hakuinuka. Alikuwa ameuma leso yake mpaka ikatoboka, miguu imenyooka vilevile, akingoja kusikia filimbi. Leo mimi pia ni mama, na nikifikiria hilo inabidi nikae.

Mchana Babu aliwaita wazee akatembea nao shambani, akapiga vijiti ardhini kutoka kwenye migomba mpaka mtoni. Mjomba Barasa alifuata nyuma, mkono umefungwa kitambaa. Hakuweza kubisha. Aliwaambia watu, na nilimsikia mwenyewe, "Huyu ni Wekesa wetu. Mmeona dada yake alivyomfanyia? Hata nyinyi mngeruka." Alisema kwa fahari, kana kwamba ndiye aliyemzaa. Akaanza kugawa pombe.

Jioni nilitumwa kumpelekea Mwangi uji kwenye kibanda cha majani ya migomba alikolazwa. Niliingia nikijikunja, nikitarajia ngumi nyingine. Alikuwa amelala chali, tope limekauka na kupasuka usoni. Mkononi zilionekana alama za kucha zangu, zimevimba.

"Shamba wametoa?" aliuliza bila kunitazama.

"Wametoa. Mpaka mtoni. Nimeona vijiti."

"Mjomba amekubali?"

"Amekubali. Anasema wewe ni wetu."

Nje walikuwa wanaimba jina lile la Kukhu, Wekesa, Wekesa, na sauti ya Mjomba ilikuwa juu ya zote, karibu kabisa na ukuta wa kibanda. Mwangi alipumua kwa nguvu, nikaona kidevu chake kimeanza kucheza.

"Baba hata hakumaliza kufungua kamba," alisema. Kisha akageuza uso akaniangalia, mara ya kwanza tangu Saboti, na akaniuliza kwa sauti ndogo, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, "Sasa naweza lia?"

Niliangalia mlango. Wangemsikia. Wangesema yule aliyesimama asubuhi analia jioni, na Mjomba angeling'oa lile neno lake pamoja na vijiti vya Babu. Nilimwaga uji wote chini. Niligeuza sufuria, nikachukua mwiko, nikakaa mlangoni nimempa mgongo, nikaanza kuipiga na kuimba kwa sauti yangu yote, maneno yoyote yaliyokuja mdomoni.

Nyuma yangu Mwangi alianza kumlilia Baba. Nje watu walidhani nafurahia, wakaitikia, wakaanza kucheza kukizunguka kibanda, na Mjomba Barasa ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Nikapiga sufuria kwa nguvu zaidi.